Gari Mpya Haina Shahidi

Wiki tatu zilizopita baba yangu mdogo alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu Homa Bay, mtu akikupigia saa hiyo jua ni msiba au ni pesa. Ilikuwa pesa.

"Nyathina, si wewe ndiye unapiga video za magari? Nataka kununua moja. Nimeiona Kisumu. Mpya kabisa, hata nailoni haijatolewa kwa viti."

Baba mdogo amefundisha hesabu shule za upande wa Ndhiwa maisha yake yote ya kazi. Amestaafu mwaka jana. Mkupuo wa pensheni umeingia, akaongeza akiba yake ya sacco, na sasa anataka kuweka karibu yote kwenye SUV iliyozinduliwa miezi michache tu iliyopita. Sio sifa anatafuta. Mama mdogo huenda kliniki Kisumu kila mwezi, zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, na mara nyingi anarudi kwa matatu akiwa amebanwa watu wanne kwa kiti cha watatu. Mzee amechoka kuona hivyo. Anataka gari ambayo itawaka siku ya kliniki. Basi.

Ningemjibu haraka, kwa sababu kazi yangu ni kutoa maoni. Lakini kuna kitu lazima niwaambie kwanza.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye uzinduzi wa gari nyingine. Nilipewa chakula kizuri, nikapewa fulana, nikaendesha dakika 40 kwenye lami safi. Nikarudi nyumbani nikaweka video nikasema hii ni "gari ya kuaminika". Dada mmoja anayeuza vitambaa Migori aliitazama, akanunua. Mwezi wa tisa kitu kimoja kidogo cha kielektroniki kikafa, na gari ikalala karakana wiki 11 ikingoja kifaa kutoka ng'ambo. Hakunitukana. Aliniandikia tu: "Ulisema ni ya kuaminika. Ulijuaje?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo limekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Mtu anajuaje kwamba gari iliyozinduliwa juzi ni ya kuaminika? Baba mdogo aliponipigia nikaamua safari hii sitajibu kwa mdomo mtupu. Nikaanza kusoma vile watu wa huku wamekuwa wakijua, tangu zamani. Kumbe tuna historia ndefu ya kupima magari.

Pasaka na vumbi

Mwaka wa 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipokuwa anatawazwa Uingereza, walowezi wa hapa waliandaa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa Coronation Safari. Baadaye yakawa East African Safari, yale mbio za Pasaka wazee wetu wanazozungumzia mpaka leo. Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, sio kwa ukubwa wa injini. Yaani ilikuwa kama kuuliza: ukiwa na pesa kiasi hiki, gari gani itakurudisha nyumbani?

Na nyingi hazikurudi. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84. Yaliyomaliza ni 7. Saba tu! Aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Gari hiyo hiyo ikashinda tena 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland kutoka Tanzania, na 1968 kwa Nowicki tena. Mara nne ndani ya miaka sita. Hakuna tangazo la gazeti linaloweza kushindana na hilo. Ndugu yake mdogo, 504, alishinda 1975 na 1978, na gari hiyo ikaunganishwa hapa hapa Kenya. Ukimuuliza mzee yeyote wa Nyanza kuhusu safari za zamani za Nairobi, atakuambia "tulipanda Peugeot". Hasemi matatu. Anasema Peugeot, ile ndefu ya viti safu tatu, imejaa watu, mizigo juu ya paa.

Kwa hivyo wazee walikuwa na njia yao ya kujua. Kiwanda kinasema gari ni ngumu? Sawa, ilete matopeni mbele ya kila mtu, tuone. Baba mdogo mwenyewe ananiambia mwaka wa 1974 alikuwa na miaka 10, redio ya Sauti ya Kenya ikiwa dirishani, kijiji kizima kinasikiliza Joginder Singh yuko wapi.

Na huyu Joginder ndiye ana kisa ambacho nakipenda kuliko vyote. Alizaliwa Kericho, fundi wa magari, Singasinga mwenye ndevu zake. Mwaka wa 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari yao ilikuwa Volvo PV544, na haikuwa mpya. Ilikuwa gari ya kiwanda iliyokuja kukimbia mwaka wa 1964, ikashindwa, ikabaki huku. Joginder akainunua ikiwa mtumba, akaifungua, akaitengeneza, akashinda kwa zaidi ya saa moja na nusu mbele ya aliyemfuata.

Fikiria hilo kidogo. Kiwanda kilileta gari ikiwa mpya, barabara zetu zikaiangusha. Mwaka uliofuata, gari ile ile ikashinda. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu aliyejua inavunjika wapi. Gari mpya inakuwa imeficha udhaifu wake. Ile iliyokwisha kuvunjika imekuonyesha.

Lakini mbio hazikusema yote

Hapa ndipo ningeweza kumaliza, niwaambie tafuteni gari iliyoshinda mbio. Lakini ukweli una pande mbili.

Joginder huyo alishinda tena 1974 na 1976, safari hii kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka wa 1976 Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Watu wakaipenda Mitsubishi, na walikuwa na sababu. Sasa ruka mpaka mwaka wa 2000. Huko Japani, kampuni hiyo hiyo ilikiri kwamba ilikuwa inaficha malalamiko ya wateja ili serikali isiyaone. Tangu lini? Tangu 1977. Mwaka mmoja tu baada ya ule ushindi wa tatu bora.

Mimi sisemi Lancer ya Joginder ilikuwa mbaya. Ilikuwa chuma kweli. Ninachosema ni kwamba mbio zilipima mifupa ya gari. Hazikupima ulimi wa kampuni. Uaminifu wa gari una sehemu mbili: je, itavunjika, na ikivunjika, mwenye kuitengeneza atakuambia ukweli na kukusaidia?

Land Rover, Toyota, na ekseli iliyovunjika

Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliamua vita vikubwa zaidi vya magari ya juu Afrika.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo gari ya serikali huku kwetu: DC, polisi, daktari wa mifugo, mmishonari. Ukiona vumbi linakuja na hakuna soko siku hiyo, ni Land Rover ya serikali. Toyota nao walikuwa na gari yao iliyofanana na jeep. Mwaka wa 1951 dereva wao aliipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita, na polisi wa Japani wakaanza kuiagiza. Jina Land Cruiser lilikuja 1954.

Nani angefikiria hiyo ya pili ingeifukuza ya kwanza? Land Rover ilikuwa na mizizi, ilikuwa na mafundi kila mji. Lakini ilikuwa na tabia ya kuvunja ekseli za nyuma ikibebeshwa sana, na hilo si siri, kila fundi wa zamani analijua. Ekseli kuvunjika peke yake haingetosha kuiua. Kilichoumiza zaidi ni kule Uingereza: miaka ya 1970 kampuni mama ilijaa migomo na madeni mpaka serikali ikalazimika kuichukua 1975. Magari yakachelewa, spea zikachelewa. Toyota hawakuchelewa. Walileta injini kubwa isiyochoka, na walileta kifaa unachohitaji. Wateja wakahama mmoja mmoja. Leo angalia gari za mashirika na za serikali zinazopita Homa Bay kwenda Mbita, uniambie unaona nini.

Kwa hivyo mzee wa 1975 aliyeuliza "spea iko wapi?" alikuwa anauliza swali bora kuliko mimi wa mwaka juzi niliyeuliza skrini ni inchi ngapi.

Miaka saba ya mashahidi wa bure

Sasa tuje kwa kizazi changu. Sisi hatukukua na magari mapya. Tumekua na mtumba. Sheria ya Kenya inasema gari ya kuagiza isizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo wengi tunanunua ya miaka saba hivi. Tumezoea kuiona hiyo kama dalili ya umaskini. Mimi siku hizi naiona tofauti. Kwa miaka hiyo yote Wajapani walikuwa wanatupimia gari bure. Kama modeli ina gia mbovu, wao ndio walilia kwanza. Ilipofika bandari ya Mombasa, tayari kulikuwa na ushahidi, na fundi wa Kisumu alishajua aifungue wapi.

Probox ndiyo mfano wangu. Ilitoka Japani mwaka wa 2002 kama gari ya kubeba mizigo ya ofisi, haina umbo, haina sifa, hakuna aliyeimba siku ya kuzinduliwa kwake. Leo simama stendi ya Homa Bay saa moja asubuhi uhesabu. Abiria, magunia ya omena, kuku, mkeka, na mtu mmoja ameketi kando ya dereva kwenye nafasi isiyo kiti. Shahidi wa Probox ni ule mzigo.

Lakini hata mashahidi wa Japani hawakutosha kila wakati. Mwaka wa 1996 Mitsubishi ilileta injini ya GDI, ya kwanza kuuzwa kwa wingi ya aina yake, inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Japani ilisifiwa: inakula mafuta kidogo, ina nguvu. Ilipofika huku kwa njia ya mtumba, ikiwa ndani ya Pajero ndogo na saluni zao, ikawa msiba. Ukitaja GDI kwa fundi yeyote wa Kenya atatikisa kichwa kabla hujamaliza kusema.

Kwa nini? Pampu ya injini ile inasukuma petroli kwa presha kubwa mara nyingi kuliko injini ya kawaida, na sehemu zake zimebanana sana. Inataka mafuta safi. Huku kwetu mafuta ya taa yalikuwa yanachanganywa na petroli na dizeli waziwazi, kwa sababu yalikuwa bei rahisi. Tatizo lilikuwa kubwa hivi kwamba mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua hiyo biashara. Kabla ya hapo, magari mangapi yalikufa yakilaumiwa bure? Gari ilikuwa nzuri Osaka. Haikuwa nzuri Oyugis.

Basi shahidi wa mbali ana mipaka. Lazima aendeshe kwenye barabara zinazofanana na zako, kwa mafuta yanayofanana na yako, na abebe mzigo unaofanana na wako.

Zile tulizojaribu kutengeneza wenyewe

Siwezi kupita hapa bila kutaja magari yetu. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliwaomba watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari ya Kenya, hata kama ingekuwa mbaya kwa sura na polepole. Wakatengeneza tano, zikaitwa Nyayo Pioneer, na kwenye majaribio zilifika kilomita 120 kwa saa. Zikazinduliwa Kasarani 1990 kwa shangwe. Hakuna hata moja iliyofika dukani. Pesa za kiwanda hazikupatikana. Injini iliweza kuwaka, ila hakukuwa na kitu nyuma yake.

Halafu Mobius. Hii ilinigusa zaidi kwa sababu nilikuwa kijana naitamani. Mwingereza Joel Jackson alikuja Kenya akaona watu wa mashambani wanahitaji gari rahisi na ngumu. Mobius II ya kwanza iliuzwa chini ya shilingi milioni moja, haikuwa na vioo vya madirisha wala kiyoyozi. Wazo lilikuwa zuri, na ninalisema hivyo bila kejeli: chuma kinene, vitu vichache vya kuharibika. Baadaye zikaja zilizoboreshwa, bei ikapanda. Agosti 2024 kampuni ikatangaza inafungwa kwa madeni, halafu ndani ya wiki chache ikasema imepata mnunuzi. Sawa, lakini jiweke kwenye viatu vya mtu aliyekuwa na Mobius yake nyumbani siku ile tangazo lilipotoka. Gari inawaka vizuri tu asubuhi hiyo. Je, bado ni ya kuaminika?

Na usifikiri hii ni ya kampuni changa tu. CMC ilikuwa imeuza magari hapa kwa miongo mingi, jina ambalo kila mzee analijua. Januari 2025 ikatangaza inaondoka Kenya, Uganda na Tanzania.

"Hata Toyota ilikuwa mpya siku moja"

Nilimpelekea baba mdogo haya yote. Nilienda mwenyewe mpaka kwake, tukakaa chini ya mwembe, nikaongea karibu saa nzima. Alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akisoma insha. Nilipomaliza akasema:

"Umesoma vizuri. Lakini hata Toyota ilikuwa mpya siku moja. Kama kila mtu angengoja shahidi, nani angenunua ya kwanza?"

Kusema ukweli, swali hilo lilinibana. Na historia iko upande wake pia. Toyota walipopeleka gari yao Toyopet Crown Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa aibu. Kwenye barabara kuu za kule ilichemka, ilitetemeka, ikakosa nguvu. Mwaka wa 1960 wakaiondoa sokoni, wakabaki na Land Cruiser peke yake kwa miaka kadhaa. Hyundai nao waliingia huko 1986 na Excel ya dola 4,995. Iliuzwa kama maandazi, halafu ikaharibika, ikawa mzaha. Lakini mwaka wa 1998 wakatangaza waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia, wakaiheshimu, na leo hakuna anayewacheka. Kwa hivyo anayedharau magari haya mapya kutoka China kwa sababu tu ni ya China, huyo hajasoma. Vijana wa Marekani walisema maneno hayo hayo kuhusu Japani, wakayasema tena kuhusu Korea.

Na jina kubwa nalo halikulindi. Mwaka wa 2024 Toyota iliita magari kama 102,000 Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu ya vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya injini tangu kiwandani. Toyota! Injini mpya ya V6 iliyochukua nafasi ya V8 iliyokuwa imethibitika. Upya wenyewe ndio hatari, haijalishi nembo gani iko mbele.

Halafu baba mdogo akasema neno la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. "Mimi nina miaka 61. Wewe unaniambia ningoje miaka saba Wajapani wanipimie. Mama yako mdogo hana miaka saba ya kubanwa kwa matatu."

Nikanyamaza. Kungoja nako kuna bei yake, na anayelipa bei hiyo si mimi ninayetoa ushauri.

Tulichofanya

Basi tukakubaliana hivi: hatungoji miaka saba, lakini hatununui bila shahidi hata mmoja. Tukaenda Kisumu wawili, na tukamchukua fundi mmoja wa Rodi Kopany ambaye amelala chini ya magari tangu kabla sijazaliwa.

Kwanza nilitafuta kama gari hiyo imeuzwa nchi nyingine kabla ya kuja kwetu, kwa sababu magari haya mara nyingi hubadilishwa jina tu. Imeuzwa, karibu miaka mitatu. Huyo ni shahidi wa kwanza, ingawa ni wa lami. Nikauliza injini na gia ni za kizazi hiki au zilikuwepo kwenye modeli ya nyuma. Injini ni ya zamani kidogo, na hiyo ni habari njema. Gia ni mpya kabisa, na hiyo si habari njema.

Pili, fundi akaingia chini. Muuzaji hakufurahi, lakini hakukataa. Fundi hakuangalia skrini, hakuangalia paa la kioo. Aliangalia bomba la mafuta limepita wapi, kinga ya injini ni ya chuma au ya plastiki, mipira ya ekseli imekingwa na mawe au iko wazi. Akatoka akasema: "Kwa lami ni gari. Kwa ule udongo mweusi wa kwenu mwezi wa nne, hii plastiki ya chini itabaki kwa matope wiki ya kwanza." Mwalimu akaandika hilo kwenye daftari.

Tatu, waranti. Ni ndefu, na nilikuwa tayari kuisifu mpaka tulipoisoma kurasa zote. Inasema huduma zote zifanyike kwa karakana iliyoidhinishwa, na kwa gari hii karakana hiyo iko Nairobi pekee kwa sasa. Kutoka Ndhiwa hiyo ni zaidi ya kilomita 350. Inasema pia kwamba uharibifu wa mafuta machafu haumo. Soma tena kisa cha GDI uone kwa nini mstari huo mmoja ni mzito.

Nne, baba mdogo mwenyewe akauliza swali la mwisho, kwa ile sauti ya darasani. Alitaja vifaa vitano: chujio la mafuta, pedi za breki za mbele, taa moja ya mbele, shoka moja, na kioo cha mbele. "Andika bei ya kila kimoja, na siku ngapi mpaka nikipate Homa Bay." Muuzaji, kijana mzuri tu mwenye adabu, akasema atatuma orodha jioni hiyo.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni siku ya kumi na sita.

Sijui kama gari hiyo ni mbaya. Inawezekana ni nzuri sana, na miaka mitano kutoka sasa stendi yetu itajaa hizo na mtu atanionyesha andiko hili anicheke. Nitakubali kuchekwa. Ila orodha ya vitu vitano imeniambia zaidi kuliko zile dakika 40 za mwaka juzi, na nikikaa chini nione, vitu hivyo vitano ndivyo maswali yale yale ya zamani. Joginder aliuliza inavunjika wapi. Wateja wa Land Rover waliuliza spea iko wapi. Waliochomwa na GDI waliuliza inakunywa mafuta gani. Wenye Mobius waliuliza kesho utakuwepo.

Baba mdogo hajanunua. Hajaacha pia. Pesa imekaa sacco, na siku ya kliniki iliyopita aliajiri Probox ya jirani kwenda na kurudi, mama mdogo akakaa mbele peke yake, mkoba wake miguuni. Alipiga hesabu mbele yangu: kwa bei ya ile SUV angeweza kuajiri Probox hiyo kila mwezi kwa miaka mingi sana. Kisha akacheka akasema, "Lakini haitakuwa yangu."

Na yule dada wa Migori nimemwandikia. Nimemwambia jibu la swali lake: sikujua. Niliendesha lami dakika 40 nikapewa fulana. Ile video nimeiondoa, na kuanzia sasa gari yoyote ambayo haijamaliza mwaka mmoja mikononi mwa watu wa huku, neno "kuaminika" hutalisikia mdomoni mwangu. Nitasema inakaa vizuri, inakimbia vizuri, ina baridi ya kutosha. Hayo ninaweza kuyajua kwa siku moja.

Wewe ukiwa na gari ya umri huo, iwe ya jina gani, nipe ushahidi wako: umetembea kilomita ngapi, kwenye barabara gani, nini kimeharibika, na ulingoja siku ngapi. Mwalimu ana daftari, na bado lina kurasa.